Ardhi, Ukabila na Wataalamu wa Amani: Uhakiki wa Kazi za Séverine Autesserre Juu ya Kongo

Katika jamii yenye matabaka hakuna elimu inayoelea hewani. Kila uchambuzi wa vita hubeba ndani yake dawa ya vita hivyo, na kila dawa ina mtu itakayemponya na mtu itakayemwacha na donda lake. Ndiyo maana hapana budi kuyachunguza kwa makini maandishi ya watafiti wanaozishauri serikali na mashirika ya kimataifa juu ya usalama wa eneo la Maziwa Makuu. Yanayoandikwa na watu hao leo huwa azimio la Umoja wa Mataifa kesho, na keshokutwa huwa amri kwa askari aliyeko mlimani.

Mmoja wa watafiti hao ni Séverine Autesserre, Mfaransa anayefundisha sayansi ya siasa katika Chuo cha Barnard, mjini New York. Tofauti na wengi wa fani yake, yeye amepata kufanya kazi na mashirika ya misaada, Kongo ikiwemo. Kitabu chake The Trouble with the Congo, kilichotoka mwaka 2010, kimejengwa juu ya mahojiano zaidi ya 300 na utafiti wa muda mrefu huko mashariki. Mwaka 2012 aliongeza makala katika jarida la African Affairs. Mwaka 2014 kikafuata kitabu Peaceland, na mwaka 2021 The Frontlines of Peace. Kazi hizi zimesomwa sana na mabalozi, watumishi wa Umoja wa Mataifa na wafadhili. Zinastahili kusomwa na sisi pia, ila kwa jicho jingine.

Hoja yake ya msingi ni hii. Baada ya mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, Kongo iliingia katika kipindi cha mpito kilichoanza mwaka 2003 na kumalizikia kwenye uchaguzi wa mwaka 2006. Ikaundwa serikali ya Rais mmoja na Makamu wanne, ili kila kundi kubwa lenye bunduki lipate kiti. MONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa, likawa ndilo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani, likigharimu zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Fedha zilikuwepo, askari walikuwepo, mikataba ilikuwepo. Hata hivyo vijiji vya Kivu viliendelea kuchomwa moto. Kwa nini?

Autesserre anajibu kwamba wajenzi wa amani walivitazama vita kutoka juu tu. Kwao, vita ni jambo la marais na majenerali: Kinshasa, Kigali, Kampala. Ugomvi wa kijijini juu ya shamba, malisho, kiti cha uchifu, au nani mwenyeji na nani mgeni, waliuweka katika fungu la uhalifu wa kawaida, au katika fungu la ukatili ambao, kwa fikra zao, ulikuwa wa Wakongo tangu asili. Wakaitangaza nchi kuwa imekwisha toka vitani wakati watu wake bado wanakimbia. Wakaushika uchaguzi kama dawa ya kila ugonjwa. Kushughulika na kijiji wakaona si kazi yao halali. Hayo yote, anasema, hayakutokana na uovu wala na uhaba wa fedha peke yake, bali na utamaduni wa kazi ambao wataalamu hao wanaurithishana: namna ya kuona, kusema na kutenda ambayo mtu akiisha ingia katika kazi hiyo huiona kuwa ndiyo akili ya kawaida.

Hapa kuna sifa ambayo ni haki yake. Vitabu vingi vya mabepari juu ya Afrika humfanya Mwafrika kuwa ndiye wa kuchunguzwa. Autesserre amegeuza kioo akawachunguza wachunguzi. Amewaweka mezani mabalozi, maofisa wa MONUC na watu wa misaada, akaonyesha kuwa nao ni kabila lenye mila zake. Wanakaa pamoja, wanakula pamoja, wanahama kutoka nchi hadi nchi baada ya miezi au mwaka, na wanauthamini ujuzi wa fani kuliko ujuzi wa nchi. Aliyesimamia uchaguzi Ulaya ya mashariki anahesabiwa kuwa anaijua kazi ya Kivu. Aliyezaliwa Walikale anahesabiwa dereva au mkalimani. Wengi wao hawajui Kiswahili, lugha ambayo kwayo mtu wa Goma huuza viazi, hukopa, hutukana na kupatanishwa. (Nani angekubali kesi ya shamba lake isikilizwe na hakimu asiyeelewa neno hata moja la mdai wala la mdaiwa?) Mambo haya mwananchi wa Kivu ameyajua siku zote. Faida ya Autesserre ni kwamba ameyasema kwa ushahidi, ndani ya nyumba ya wakubwa wenyewe.

Lakini utamaduni wa kazi si nguvu inayojizaa. Fikra za watu juu ya kazi yao hutokana na kazi yenyewe, na kazi hutokana na yule anayeilipia na anachokitafuta. Autesserre anakataa waziwazi kwamba maslahi ya kiuchumi na ya kisiasa ya mataifa makubwa yanatosha kueleza kushindwa huku. Tukubali kuwa hayatoshi. Hata hivyo kutoka kwenye “hayatoshi” hadi kuyaacha nje ya mlango ni safari ndefu, naye anaisafiri upesi mno.

Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Sheria mpya ya Madini ya Kongo, iliyotungwa kwa msaada wa Benki ya Dunia ili kuwavuta wawekezaji wa nje, ilipitishwa Julai 2002, miezi mitano kabla ya mapatano ya Pretoria. Nchi ilikuwa bado imekatwa vipande, nusu yake iko mikononi mwa majeshi ya kigeni na vibaraka wao, lakini sheria ya madini ilikuwa tayari. Sasa tuitazame ardhi ya mkulima. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote ya Zaire kuwa mali ya dola, na kuhusu mashamba yanayoshikwa kwa mila ilisema tu kwamba yatawekewa taratibu kwa amri ya Rais. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2006, miaka 33 baadaye, amri hiyo ilikuwa haijatoka. Je, tofauti hii ya mwendo kati ya madini na shamba ni utamaduni wa kazi tu? Uchaguzi ulipendwa kwa sababu unazaa serikali inayotambulika, na serikali inayotambulika inaweza kutia sahihi mkataba wa mgodi na wa mkopo. Mkutano wa kugawa malisho huko Masisi hauzai sahihi ya namna hiyo.

Na kwa kuwa tumeitaja Masisi, tukae hapo kidogo, maana ndipo nadharia ya Autesserre inapopata nguvu yake na ndipo inapoishia njiani.

Masisi ni milima ya Kivu ya Kaskazini, yenye udongo wa rutuba na mvua ya kutosha, na baridi ambayo ng'ombe wa maziwa wanaipenda. Wabelgiji waliiona mapema. Mwaka 1928 waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, kampuni iliyopewa mamlaka juu ya eneo kubwa la ardhi kwa ajili ya walowezi. Mashamba yakapatikana, wafanyakazi hawakutosha. Rwanda, iliyokuwa chini ya Mbelgiji huyo huyo, ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara. Basi kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, wengi wao Wahutu, na kuwapandisha milima ya Masisi. Hawakuja kwa kuvamia. Waliletwa kwa orodha, kama mabati na saruji. Wakakatiwa utawala wao wa Gishari ndani ya nchi ya Wahunde. Kisha mwaka 1957 mkoloni yule yule akaufuta, na watu wake wakarudishwa chini ya machifu wa Kihunde. Kwa amri mbili za ofisini watu hao walipewa nchi na kunyang'anywa nchi. Baada ya mwaka 1959 wakaongezeka wakimbizi Watutsi waliokimbia mauaji ya Rwanda, na katikati ya miaka ya 1960 damu ikamwagika Masisi kwa mara ya kwanza baada ya Uhuru.

Mobutu alipokamata dola hakuitatua habari hii, aliitumia. Mkuu wa ofisi yake tangu mwaka 1969 hadi 1977 alikuwa Barthélémy Bisengimana, Mtutsi. Sheria ya Januari 1972 ikawapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya Januari 1, 1950. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya ardhi tuliyoitaja, na Novemba 1973 ukatangazwa utaifishaji wa mali za wageni, ambao kwa kweli haukutaifisha cho chote. Mashamba ya walowezi yaligawiwa kwa wakubwa na marafiki zao. Huko Masisi mashamba makubwa ya Wabelgiji yakageuka malisho ya mabwana wapya. Bisengimana mwenyewe akajipatia mojawapo ya yale makubwa kabisa. Machifu wa Kihunde nao hawakukaa nyuma: waliuza kwa hati za serikali ardhi ambayo kwa mila walikuwa wameishika kwa niaba ya watu wao. Wafanyabiashara wa Kinande wakanunua. Mkulima, awe Mhunde au Mhutu, akaamka asubuhi akakuta uzio wa waya mahali palipokuwa na maharage yake, na ng'ombe ndani.

Mabwana hao walitoka katika makabila mbalimbali, na waliofukuzwa walitoka katika makabila mbalimbali. Kwa mtazamo wa kitabaka tungetazamia mkulima Mhunde na mkulima Mhutu washikane mikono dhidi ya uzio. Mwaka 1981 Mobutu alibadili tena sheria: sasa raia ni yule tu anayeweza kuonyesha kwamba ukoo wake ulikuwa Kongo tarehe 1 Agosti 1885, siku za Leopold. Kwa kalamu hiyo watu waliozaliwa Masisi, na baba zao waliozaliwa Masisi, wakawa wageni. Machi 1993 mauaji yakaanzia Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea Masisi nzima. Maelfu wakauawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia. Waliouana walikuwa maskini. Wenye malisho walipoteza ng'ombe. Maskini walipoteza watoto.

Kwa nini maskini alimgeukia maskini? Chuki ya asili haielezi neno, kwa kuwa watu hao walikuwa wameoana na kulimiana kwa nusu karne. Jibu liko katika namna mtu asiye na fedha alivyoipata ardhi. Tajiri aliipata kwa hati kutoka ofisini. Maskini aliipata kwa chifu, na chifu humpa mtu wa kabila lake kwanza. Kwa hiyo kabila lilikuwa ndiyo hati ya shamba ya maskini, na kila aliyehesabiwa kuwa wa kabila lisilo na chifu alikuwa hana hati. Mahmood Mamdani, aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, ameieleza vizuri mizizi ya jambo hili: mkoloni alitawala mjini kwa sheria ya uraia na shambani kwa sheria ya kabila, na dola zilizorithi Uhuru ziliuacha mgawanyiko huo ukiwa mzima. Mamdani alifika Kivu mwaka 1997 kuyachunguza mambo haya kwa niaba ya CODESRIA.

Autesserre anaijua historia hii na anaieleza. Ila anaieleza kama “mgogoro wa wenyeji”, neno ambalo limembeba kama mtumbwi uliotoboka. Mgogoro huu una uenyeji gani? Uliundwa na ofisi ya Brussels mwaka 1937, ukafungwa Kinshasa mwaka 1972, 1973 na 1981, ukamwagiwa petroli Julai 1994 wakati wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda, pamoja na jeshi lililoshindwa na Interahamwe, walipovuka mpaka na kuingia Goma. Kijiji ni mahali moto unapowakia. Kusema kwamba vita vina mizizi ya kijijini bila kusema ni nani aliyepanda mti ni kumwachia mkulima mzigo wa kosa la dola.

Ituri inaonyesha jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Wahema na Walendu waligombana juu ya mashamba kwa muda mrefu, na sheria ya mwaka 1973 ilikuwa humo pia. Ugomvi ule uligeuka vita mwaka 1999. Katika mwaka huo jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia Ituri, na Juni kamanda wake James Kazini alitangaza kuundwa kwa jimbo jipya na kumteua Mhema kuwa gavana. Bunduki zikaingia katika kesi ya mpaka wa shamba. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kuivamia Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Autesserre anaitaja Ituri kama mahali pekee ambapo wakubwa walilazimika kuushughulikia ugomvi wa wenyeji, kwa sababu mauaji ya Bunia ya mwaka 2003 yaliishtua dunia hata Ufaransa ikaongoza kikosi cha Ulaya kwa miezi mitatu. Ni kweli. Lakini kikosi hicho kilikuja kuzima moto, na aliyeleta petroli alikuwa jirani mwenye misaada tele kutoka kwa hao hao wazimaji.

Baadhi ya wenzetu, wakisoma hayo, watasema kazi imekwisha: ubeberu ndio chanzo, tufunge kitabu. Hapo napo pana uvivu wa fikra. Mtu anayesema kila risasi ya Kivu imetoka Washington au Brussels hamjui mwami anayeuza kilima, wala mfanyabiashara wa Goma anayekikodisha tena kwa wale wale waliofukuzwa juu yake. Wakati wa utawala wa RCD-Goma, 1998 hadi 2003, na baadaye wakati wa CNDP ya Laurent Nkunda, makamanda na watu walio karibu nao waliongeza mifugo yao katika milima ya Masisi. Hao si vivuli vya mabeberu. Ni tabaka, lina malisho, lina jeshi, na lina sababu zake lenyewe za kutotaka amani ambayo itauliza hati zilipatikanaje.

Tulipime jambo hili kwa kisa cha M23, ambacho kinatuhusu kwa karibu. Kundi hilo lilizuka mwaka 2012, likaiteka Goma Novemba ya mwaka huo mbele ya macho ya askari wa Umoja wa Mataifa. Wafadhili kadhaa wakasimamisha misaada kwa Rwanda. Machi 2013 Baraza la Usalama kwa azimio namba 2098 likaunda kikosi cha kushambulia cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ilipofika Novemba 2013, M23 ilikuwa imeshindwa. Hapa nadharia ya Autesserre inapata kigugumizi: kundi lililovunja mkoa mzima lilivunjwa kutoka juu, kwa shinikizo juu ya dola moja na kwa silaha za nchi tatu, na hakuna baraza la kijiji lililohusika.

Hata hivyo mwaka 2021, mwezi huo huo wa Novemba, M23 ilianza tena mashambulizi. Januari 2025 iliichukua Goma, Februari ikaichukua Bukavu. Kikosi cha SADC kilichopelekwa tangu Desemba 2023, chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, kiliamriwa kuondoka Machi 2025. Kwa nini ushindi wa mwaka 2013 haukudumu? Mkono wa Kigali ulirudi, hilo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika mara nyingi. Lakini mkono huo ulikuta cha kushika. Wakongo Watutsi waliokimbilia Rwanda wako katika kambi ya Kiziba tangu mwaka 1996. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 iliwarudishia haki kwenye karatasi, na hakuna aliyewarudishia kilima. FDLR, mabaki ya wauaji wa mwaka 1994, walikuwa bado misituni. Mashamba ya Masisi yalikuwa vile vile. Katika miaka minane ya nafasi hakuna aliyeyagusa. Hapo Autesserre amepata ushindi wake, na wale waliomdharau kama mwanamke wa kuhesabu vijiji wanapaswa kumsoma tena.

Gharama ya somo hili haikulipwa na waandishi. Desemba 7, 2017, huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, waliuawa wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 katika shambulio moja, katika vita na kundi jingine kabisa, ADF. Askari anayepelekwa kulinda mpaka wa mapatano ambayo hayakugusa kiini cha ugomvi anawekwa juu ya ardhi ambayo wenyewe bado wanaigombea.

Kuhusu madini tutasema kwa ufupi, maana mengi yamesemwa. Katika makala ya mwaka 2012 Autesserre anapinga hadithi tatu zilizotawala masikio ya dunia: kwamba chanzo cha vita ni madini, kwamba madhara yake makuu ni ubakaji, na kwamba dawa yake ni kuijenga dola. Anasema hadithi hizi zilivuma kwa sababu ni nyepesi kusimulia. Ushahidi wake una uzito. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyabana makampuni yanayonunua madini ya vita, na kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali ya Joseph Kabila ikapiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Wachimbaji wadogo wakakosa mkate. Wenye bunduki wakaendelea. Kanuni iliyotungwa mbali ili kuzisafisha dhamiri za wanunuzi wa simu ilimwangukia mtu mwenye sururu. Lakini kutoka hapo Autesserre anayasukuma madini pembeni mno. Tangu mwaka 2024 M23 imekuwa ikiishika Rubaya, mgodi mkubwa wa koltani ulioko wapi? Masisi. Ardhi ya juu na ardhi ya chini ni ardhi moja, na anayeishika kwa ng'ombe huishika pia kwa koltani.

Imebaki habari ya Idjwi. Katika The Frontlines of Peace Autesserre anakisifu kisiwa hicho cha Ziwa Kivu, ambacho kiliepuka vita vilivyokizunguka pande zote. Siri yake, anasema, ni watu wenyewe: viapo vya damu kati ya koo, mabaraza ya wazee, vyama vya kidini na vya akina mama, imani zinazomzuia mtu kumwaga damu. Ni sura nzuri, na mtu anaisoma kwa furaha baada ya kurasa nyingi za maafa. Tunayo mashaka. Kwanza, kisiwa kina maji pande zote, na jeshi linalotafuta barabara na migodi halina sababu kubwa ya kupanda mashua. Pili, utulivu wa Idjwi una wanaoulipia: Wambuti wa kisiwa hicho wameishi bila ardhi yao wenyewe, wakilima kwa ajili ya wengine. Amani inayosimamiwa na wazee ni amani ya wazee. Tukiichukua Idjwi kuwa kielelezo na kuipeleka Masisi, mfadhili atamwita nani mezani? Atamwita mwami. Atamlipia ukumbi na posho, atampigia picha akishikana mkono na mwami mwenzake, na kile kilima walichokiuza wote wawili hakitatajwa. Mpango wa amani ya wenyeji usiotofautisha kati ya chifu na mkulima wake unampa chifu mtaji mpya.

Kwa sababu hiyo swali la kumwuliza mtafiti huyu haliwezi kuwa “juu au chini”. Uwanja huo amejichagulia mwenyewe kwa kuwa aliwakuta wapinzani wake wamesimama juu. Swali ni nani kati ya wale wa chini, na nani kati ya wale wa juu, wanaoshiriki mali moja. Ofisa wa ardhi wa Goma, kamanda, mwami na mnunuzi wa koltani wako katika ngazi nne tofauti za mchoro wake, ila kwa mkulima wa Masisi wako katika ngazi moja, nayo ni shingoni mwake.

Juni 27, 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano mjini Washington. Mkazo wake ni juu ya heshima ya mipaka, kuiondoa FDLR, kuondolewa kwa hatua za kijeshi za Rwanda, kurudi kwa wakimbizi, na ushirikiano wa kiuchumi ambao ndani yake madini yana kiti cha mbele. Kwa mara nyingine wa juu wamekutana juu, kama Autesserre alivyowaeleza, na kwa mara nyingine mgodi umetangulia shamba, jambo ambalo hakulieleza. Wakimbizi wakirudi watapanda milima ile ile. Watakaofika kutoka Kiziba, na watakaofika kutoka Nyarugusu, Kigoma, ambako Wakongo wamekuwa wakipokewa tangu mwaka 1996, watakuta uzio, na mlangoni pa uzio mlinzi mwenye bunduki atakayewauliza karatasi. Wengine watakuwa na kadi ya mkimbizi tu.